Makohozi ya Papa Athanase

Evode alikuwa kijana wa Kashebere aliyehamia Mushaki kwa sababu huko wajinga walikuwa na mali zaidi. Siku aliyosikia kwamba sanatoriamu ya masista inawapa wagonjwa wa kifua maziwa, nyama na blanketi, akaona riziki imempigia hodi. Masharti yalikuwa mepesi: unaleta makohozi ya asubuhi ndani ya kopo, kijidudu kikionekana unapewa kitanda.

Makohozi aliyapata Karuba, kwa Papa Athanase. Kikohozi cha mzee huyo kilidharau sindano na vidonge mpaka masista wakamfukuza, wakisema anatupa dawa chooni. Athanase alilijaza kopo bila kudai kitu, jambo ambalo lingemshtua tapeli mwenye akili zaidi.

Mnunuzi wa kopo alikuwa Théophile, mwenye ng'ombe mlima mzima, lakini maziwa ya bure yana utamu wake. Alilipa mtamba mwenye mimba, na Evode akaanza kujiona mbele ya baba yake Libérata, msichana aliyetaka kumwoa, mahari ikipokewa kwa vigelegele.

Wiki zikapita, Théophile akinenepa kitandani na daktari akiotesha makohozi maabarani. Kisha daktari akaja na uso wa furaha. Akaeleza kwamba hiki si kifua kikuu; ni kijidudu ndugu yake, mkaaji wa maji na udongo, asiyeogopa dawa za kawaida. Dawa nyingine zimefika, watazichanganya, halafu watakata kipande cha pafu.

Théophile alitorokea dirishani na blanketi lake, moja kwa moja kwa Evode.

"Ile kifua haiko yangu. Utafute mwenyewe, ao nitamwambia docteur iko yako."

Evode, ambaye mapafu yake aliyapenda yote mawili, akamvuta mtamba hadi Karuba, Théophile asije akamdai.

"Papa, wende tu useme makohozi njo yako. Iko ukweli mutupu."

Athanase akakohoa kwanza, bila haraka. "Ukweli iko muzuri, mutoto wangu. Lakini mutu wa kukatwa atahitaji maziwa akirudia nyumbani."

Evode akamfikiria Libérata, akakifikiria kisu, akaachia kamba.

Mke wa mzee alipokwisha kumfunga mtamba, Athanase akavuta furushi chini ya kitanda: shuka, sabuni, rozari, vyote vimekunjwa vizuri.

"Ulifunga hiyo wakati gani, Papa?"

"Siku ile ulikuya na kopo. Masista walikataa kunipima tena. Nilikuwa natafuta tu mutu wa kunipelekea makohozi." Akamwekea furushi kichwani. "Beba na hii."