Maziwa ya Kwanza na Chupa ya Bonar

Jumanne, 4 Machi
Nyati wangu wa maziwa kazaa alfajiri. Ndama jike. Nimekamua maziwa ya kwanza yote kabla mtoto hajaonja tone. Mazito, ya njano. Kuyapasha moto, yameganda yenyewe, bila maji ya nanasi tunayogandishia jibini! Jirani yangu Bonar, ambaye nyati wake naye kazaa jana, anayejiita bingwa wa jibini soko zima la Balige, Ijumaa atanikoma. Mke wangu Rosmaida kasema ndama atakufa. Nikamwambia aache uchuro, maji ya wali yanatosha.

Adhuhuri nimemkuta Bonar akitoka zizini kwangu na chupa tupu. Eti, "Lae, ndugu yangu, nilikuja kumsalimia ndama tu." Nani humsalimia ndama na chupa? Sumu hiyo.

Jumatano, 5 Machi
Ndama anaharisha. Si nilisema! Nimemwita Sahat, mganga wa mifugo, apime sumu. Hakutaka hata kusikia. Kauliza kama ndama alipata maziwa ya kwanza. Nikasema kiasi. Akaeleza kwamba ndama huzaliwa hana kinga, na kingamwili zimo humo, za aina tatu. IgG huingia kwenye damu na kupambana na bakteria mwili mzima. IgA hulinda utumbo. IgM huwahi bakteria wakishavamia. Ila siku ya kwanza ikipita, utumbo hauzipitishi tena kwenye damu. Majina kama namba za pikipiki. Kisha akamtoa ndama damu. Ya nini? Huyu na Bonar lao moja.

Rosmaida amekaa zizini, kichwa cha ndama mapajani, analia. Na mimi naogopa, basi tu.

Ijumaa, 7 Machi
Sokoni aibu. Mama mmoja kauliza kama jibini langu ni la kula au la kuziba paa. Bonar kamaliza lake saa tatu. Kaniuliza hali ya ndama. Nani alimwambia anaumwa?

Jumatatu, 10 Machi
Ndama anarukaruka! Sahat kaleta majibu: damu imejaa IgG. Kasema kuna mtu alimnywesha maziwa ya kwanza Jumanne ileile, na ndiye aliyemwokoa. Rosmaida akatazama nyumba ya Bonar, akatabasamu.

Mimi nimeshaelewa. Ndama kajitengenezea mwenyewe, ukoo wake imara. Maziwa ya kwanza hayana kazi. Nyati wa pili anazaa Aprili, nitayakamua yote. Kesho nanunua kufuli kubwa, Bonar asikanyage tena zizi langu.