Kilowati Ishirini kwa Mayai Tisini na Sita

Jumatatu, 3 Machi

Jana umeme ulikatika kwa saa mbili. Mke wangu aliifunika mashine yake ya kuangulia vifaranga kwa blanketi letu zito, akaketi kando yake kama anauguza mtoto. Ndani mna mayai tisini na sita. Yana siku kumi na tano, yanatakiwa kuanguliwa Jumapili. Ya mara ya kwanza yaliharibika yote kwa sababu ya umeme, na siku mbili hakutia kitu mdomoni.

Leo watu wa umeme wamebandika tangazo kwenye nguzo. Jumamosi hakuna umeme kutwa nzima, wanabadilisha nyaya. Mke wangu amelisoma mara mbili, kisha akasema kwa upole kwamba tununue jenereta. Dogo tu, la mashine, taa na friji. Nikamwambia aniachie mimi. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jumanne, 4 Machi

Kabla ya kununua, utafiti. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, anakaa nyuma ya ukuta wetu na ana jenereta. Umeme ukikatika analiwasha, halafu anakohoa ili mtaa ujue nani amewasha. Nilitaka kujua ukubwa wake bila kumuuliza. Shemeji ukimuuliza jambo moja, unajibiwa saa nzima.

Nikageuza ndoo, nikapanda, nikachungulia. Kilowati tano, zimeandikwa kwenye kibati cha ubavuni mwake. Nilipoteremsha macho nikamkuta ameketi papo hapo, kikombe cha chai mkononi, ananitazama. Akanisalimu, akaulizia hali ya kila mtu nyumbani, mmoja mmoja. Kisha akasema nisihangaike kununua, Jumamosi atapitisha waya juu ya ukuta, mayai ya dada yake ni mayai yake. Nikamshukuru, nikamwambia na mimi nina nyumba yangu na ninaimudu. Ni vigumu kusema hivyo ukiwa juu ya ndoo, lakini nadhani nilisema vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Fundi umeme amekuja, penseli nyuma ya sikio. Akazunguka vyumba vyote, akasoma kibandiko cha mashine ya mayai: wati mia mbili. Akasema kilowati mbili na nusu zinatosha na kubaki. Hiyo ziada ni ya friji, maana friji ikianza huvuta mara tatu ya kawaida yake, kisha inatulia.

Nimefundisha hesabu miaka kumi na tisa. Sihitaji mtu wa kunijumlishia. Nikachukua karatasi, nikajumlisha mbele yake: hita ya kuogea, oveni, birika, pasi, pampu ya maji, feni tatu, redio, kiyoyozi. Fundi akasema hajakiona kiyoyozi. Nikamwambia hatujakinunua bado. Jumla wati elfu kumi na nne na mia tatu. Nikaweka akiba. Kilowati ishirini!

Fundi akauliza nina mikono mingapi, maana kwa hesabu hiyo itabidi nioge, nioke, nipige pasi na nivute maji dakika ileile. Nikamjibu kwamba jumla ni jumla. Kwenye nyaya ni hodari, ila darasani angenisumbua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelipata. Karakana ya mbao nyuma ya shule yetu imefungwa, jenereta lake limebaki limefunikwa turubai. Kilowati ishirini kamili, la dizeli. Mwenyewe alitaka pikipiki yangu tu. Tukapeana mikono, akaipanda papo hapo, akaondoka bila kuangalia nyuma. Nilifurahi kukutana na mtu anayependa pikipiki kiasi hicho.

Nimerudi kwa miguu. Mke wangu akauliza jenereta nililopata ni kubwa kiasi gani. Nikasema la kutosha. Sikudanganya.

Ijumaa, 7 Machi

Limekuja kwa lori, pamoja na wanaume sita. Halikupita getini. Tukang'oa geti, halikupita. Dereva wa lori akasema anaona geti pana nyumba ya nyuma. Ni la shemeji. Ilibidi niende kubisha hodi.

Shemeji alifungua kwa furaha ambayo haikuwa ya lazima. Jenereta likapita uani kwake, kisha ukuta ukabomolewa mita mbili ili liingie kwetu. Sasa naweza kuona kwake bila ndoo. Alilizunguka mara mbili, akauliza kama tunafungua kiwanda. Nikamwambia mtu lazima atazame mbele.

Mke wangu akatoka. Akaliona jenereta, akaiona kamba yake ya nguo imelala chini, akarudi ndani kwa mayai yake. Akigomba najua pa kuanzia. Akinyamaza ndipo ninapoogopa.

Jumamosi, 8 Machi

Saa mbili asubuhi umeme umeondoka. Nikawasha. Mara ya tatu likanguruma, vikombe vikagongana kabatini. Raha niliyoisikia siwezi kuieleza. Taa zikawaka, mashine ya mayai ikawaka, mke wangu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana.

Baada ya nusu saa, moshi mweusi mpaka kwa shemeji. Nikamwita fundi. Akasema jenereta haliumwi, limekosa kazi. Injini ya dizeli ya ukubwa ule ikipewa mzigo mdogo huchafuka na mwisho huzima. Inataka angalau theluthi ya nguvu yake, na sisi tumeipa mayai na balbu nne.

Ikabidi tulitafutie kazi. Oveni tukaiwasha tupu. Birika likachemsha maji ya wageni ambao hawakuwapo. Mke wangu akapiga pasi nguo zote, akamaliza, akaanza mapazia. Mimi nikapita nyumba hadi nyumba naomba nguo zilizokunjamana. Majirani ni watu wema. Kufikia saa nne sebule ilikuwa na pasi nne zinafanya kazi, na shemeji amepita kwenye pengo la ukuta na mashati kumi na moja. Moshi ukapungua. Chai haikukauka, vicheko navyo. Nilijisikia mwenyeji wa mtaa mzima.

Saa nane likazima. Mafuta yameisha. Nilijumlisha vitu vyote, mafuta nikayasahau. Kituo cha mafuta kiko mbali na pikipiki sina. Pasi zikapoa. Mke wangu akaweka kiganja juu ya mashine ya mayai. Kwenye ule ukimya tukasikia kifaranga analia ndani ya yai. Hapo niliona aibu ya kweli.

Nikaenda kwenye pengo, nikamwomba shemeji waya. Nilisema tafadhali, tena mara mbili. Hakunicheka. Waya alikuwa ameshaukunjua tangu asubuhi. Jenereta lake likaibeba mashine bila moshi mpaka saa kumi na mbili jioni, umeme uliporudi.

Jumapili, 9 Machi

Vifaranga themanini na saba! Mke wangu aliniita kabla ya chai, akaniwekea mmoja kiganjani. Alikuwa bado na unyevu, amechoka, anapumua kwa mwili mzima. Tukakaa sakafuni, yeye, mimi na shemeji, hakuna aliyekuwa na haraka. Mke wangu akaniegemea. Akasema geti, ukuta na kamba ya nguo amesamehe, pikipiki bado anaifikiria. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa na furaha namna hii.

Shemeji akasema taratibu kwamba bila shaka sasa nimejionea, dogo linatosha. Nikakubali kwa kichwa. Ni mkubwa wetu, na mayai kayaokoa yeye.

Jioni nikakaa na karatasi yangu, maana mwalimu asiyerudia hesabu zake si mwalimu. Kosa nimeliona. Jenereta halikuwa kubwa. Mayai ndiyo yaliyokuwa machache. Nimempigia simu muuzaji mmoja, ana mashine za mayai elfu tano kila moja, zimebaki tatu, nimemwambia azilete zote Alhamisi. Mke wangu nitamwambia Jumatano. Nimeshajumlisha: mashine tatu, taa za kuwapa vifaranga joto, feni, pampu yao ya maji, na akiba. Kilowati ishirini na sita. Jenereta letu hili dogo halitatosha.