Chapchap Amekuwaje Mkongwe Wangu?

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri, maana inahusu kuketi.

Ulitangaza kwamba katika kila idara ya kiwanda, aliyeajiriwa mapema kuliko wenzake atapewa kiti cha dirishani chenye mto. Ukamwagiza mtaalamu wa kompyuta aitafute rekodi ya kwanza ya kila idara. Kwa Stoo, kompyuta imemtaja Chapchap. Huyo mimi ndiye niliyemfundisha kutofautisha msumari na skrubu. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mimi niliajiriwa 19/03/1998, Chapchap 02/11/2015. Mtaalamu ameziingiza tarehe kama maneno, na kompyuta inazipanga kama kamusi: sifuri hutangulia moja, basi Chapchap ananitangulia mimi. Mwaka haukuulizwa kitu.

2. Idara ya Ulinzi, mkongwe wao ni mlinzi aliyeanza 01/06 mwaka huu. Bado anauliza choo kiko wapi.

3. Nilipomweleza mtaalamu, alinijibu, "Mzee, mashine haikosei." Nikaipeleka hesabu yake nyumbani. Kitinda mimba wangu alizaliwa 04/09, mama mkwe 27/02. Kwa mpango huo, Jumapili nilimwomba mama mkwe amwamkie mjukuu wake. Mtoto aliitikia "marahaba" bila haya. Mama mkwe hapokei simu zangu tena, na gharama ya kumtuliza naona iwe ya kiwanda.

4. Chapchap ameanza kuniita "kijana wangu". Mke wangu, ambaye naye ni wa Stoo, alicheka mpaka akaangusha boksi la bawaba.

Kwa hiyo naomba tarehe zisomwe kama tarehe: mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, idara kwa idara, na wa mwanzo kabisa ndiye achukuliwe. Ukifanya hivyo, hakuna binadamu wa Stoo atakayenitangulia.

Wasalimie wote hapo ofisini, mtaalamu pia. Mlinzi mwambieni choo kiko nyuma ya karakana.

Wako mtiifu, ninayeandika nikiwa nimesimama,
Mshika Funguo wa Stoo

Tanbihi: Nimempa mke wangu barua hii aikague. Ameirudisha na swali moja: asubuhi ile ya 19/03/1998, nani alinifungulia mlango wa Stoo na kunionyesha pa kutundika koti? Ni yeye. Sasa hivi anashona foronya ya ule mto. Tafadhali kompyuta iachwe kama ilivyo. Chapchap hatulii kitini hata dakika tano. Mke wangu akiketi, ameketi.