Siku Sanamu Yangu Ilipopokea Wageni

Leo nimepatikana. Kunyweni chai yenu, mimi nitasimama. (Suruali imeloa. Mtajua kwa nini.) Na nitasema kwa Kiswahili, Wafula asije akadai tunamficha mambo kwa Kijaluo. Wafula, acha kutabasamu, bado sijaanza.

Mnajua mama mkwe wangu alikuwa anakuja leo kutoka Asembo Bay. Mara yake ya kwanza kukanyaga kwangu Nyamasaria. Huyu ndiye mama aliyesema, wakati naoa, kwamba fundi baiskeli mwenye maneno mengi hawezi kutunza mtoto wa watu. Alisema mbele ya wazee, mimi niko chumba cha pili, nasikia kila neno. Kisha akampa Akinyi, mke wangu, mtetea mmoja mweusi wa kuanzia maisha. Akasema, "Siku nikija nitamtazama huyu kuku. Kama kuku yuko vizuri, na mwanangu yuko vizuri."

Basi kuku akataga, akaatamia, akaangua. Uwanja wote vifaranga. Nikasema Mungu si Athumani, mama aje hata kesho!

Halafu mwewe akapata habari.

Yule anayekaa juu ya mlingoti wa simu, mnamjua. Nimepigana naye vita vya kila namna. Nilitundika vipande vya kioo, akaja kujitazama. Nikatandaza wavu mkuukuu wa samaki juu ya uwanja, ukanasa mbuzi wa jirani na kofia ya pasta. Nikasikia kwamba ndege huogopa rangi, nikawapaka vifaranga rangi nyekundu ya baiskeli. Sasa akawa anawaona kutoka mbali zaidi. Nikasimamisha sanamu ya gunia. Akatua juu ya kichwa chake, akala kifaranga hapo hapo, akapangusa mdomo kwenye bega la sanamu.

Walibaki watatu. Wekundu.

Jana Mzee Olang' akanionea huruma. Ni jirani yangu, zamani alikuwa anatia makaa kwenye meli za ziwani, na hakuna jambo asilokuwa na shauri lake. Akaniambia, "Fundi, mwewe si mjinga. Gunia anajua ni gunia. Anayemwogopa ni wewe, kwa sababu ya mawe yako. Simama wewe."

"Nisimame uani siku nzima, Mzee?"

"Nguo zako zisimame."

Nguo zangu mnazijua. Suti ile ya harusi, ya terilini, rangi ya kahawia, na kofia yake. Sina nyingine. Lakini nikapiga hesabu. Wageni wanakuja na basi la saa nane. Asubuhi sanamu ivae suti, ilinde vifaranga, mimi nipige udongo nyumba ya kuku. Saa saba naivua, naoga, navaa, nakuwa mkwe. Mtu mwenye akili angeona kasoro gani hapo?

Na kweli, jamani, ilifanya kazi! Mwewe alikaa kwenye mlingoti wake tangu alfajiri, akiangalia ile suti, na hakushuka. Nilijisikia mkubwa sana.

Akinyi akaenda sokoni kutafuta samaki. Kabla ya kwenda alikuwa amefua kila kitu ndani ya nyumba chenye mikono au miguu, pamoja na suruali yangu ya kazi. Kwa hiyo mimi nilikuwa nyuma ya nyumba ya kuku, udongo mpaka kwenye viwiko, nimevaa fulana yenye matundu na leso ya mke wangu kiunoni. Ndani ya leso, chupi aliyonishonea kwa mfuko wa unga. (Wote mnavaa hizo. Msinitazame hivyo.)

Nikasikia, "Hodi hapa."

Haikuwa hata saa tano. Walikuwa wamepewa lifti na lori la samaki. Nikachungulia. Mama mkwe, kitambaa kipya kichwani, kapu mkononi, na nyuma yake rafiki yake, Mama Rispa, ambaye anasoma kisomo cha ngumbaru na anataka kila mtu ajue.

Sasa Wafula, wewe kwenu sijui, lakini kwetu mama mkwe hamtazami mkwe usoni. Anainamisha macho, anasimama kwa mbali, anaongea ametazama pembeni. Mama akaingia uani. Kwa pembe ya jicho akaona suti. Akaona kofia. Akainamisha macho pale pale, kwa heshima kubwa, Mama Rispa naye hivyo hivyo, akaiambia sanamu yangu, "Habari ya hapa, baba."

Sanamu ikanyamaza.

"Hajibu," Mama Rispa akanong'ona.

"Ngoja. Ni aibu ya mkwe. Ni vizuri."

Wakangoja. Mimi pia nikangoja, sijui nilikuwa nangoja nini. Mwishowe mama akasema, sauti imevunjika kidogo, "Basi labda hataki tuje. Nilijua. Turudi, Mama Rispa."

Akageuka. Nikaona ndoa yangu inatoka langoni na kapu mkononi. Kutokea na leso siwezi, bora nife. Nikafungua mdomo nikiwa huko huko nyuma.

"Karibuni, mama!"

"Aa! Ahsante, baba." Akarudi. "Mko salama?"

"Salama, mama."

"Mwanangu?"

"Yuko sokoni, mama. Anarudi sasa hivi."

"Na kuku wangu?"

"Yule pale, mama. Na watoto wake."

Akawaangalia vifaranga kwa muda. "Ni wekundu."

"Ni wa kabila hilo, mama."

(Ningesema nini?)

"Na mwewe? Kule kwetu wametumaliza."

Hapa ndipo niliponyamaza? Sikunyamaza. Nilisema, kwa sauti nzito ya mwenye boma, "Hapa mwewe hafiki, mama. Ananiogopa."

Mama akamwambia Mama Rispa, nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe, "Nilimkosea huyu kijana. Nilidhani ni mdomo tu. Tazama anavyosimama. Hata kichwa hajageuza." Nikataka kulia kwa furaha. Miaka yote hiyo nikitafuta sifa kwa huyu mama, na leo amenisifu, na mimi niko nyuma ya nyumba ya kuku nimekumbatia udongo.

Ndipo kivuli kikapita uani.

Sijui kama ni harufu ya samaki ndani ya kapu, au alisikia nimemsema. Mtetea akapiga kelele. Mwewe akashuka. Na mimi, jamani, mwili wangu umezoea. Sikufikiri. Nikatoka mbio nikipiga yowe, natupa udongo huku na huku. Leso ikashikwa na miiba ya ua, ikabaki huko. Mwewe tayari amenyanyua kifaranga, nikaruka, nikampiga bonge la udongo kifuani, akamwachia, nikamdaka kwa mikono miwili. Nilidaka vizuri, hilo mtaniandikia. Lakini wakati wa kutua chini nikaikumba sanamu kwa bega.

Ikaanguka kifudifudi, mbele ya miguu ya mama mkwe. Kofia ikabingirika.

Kumbukeni macho ya mama yako chini. Mimi hajaniona. Anachoona ni mkwe wake, aliyekuwa anaongea naye vizuri sasa hivi, amelala chini na suti yake, hatikisiki.

Akapiga nduru. Ile ya matanga yenyewe, mikono kichwani. "Yaye! Baba amekufa! Nimemuua na macho yangu!" Mama Rispa akapokea. Na mnajua nduru ya mama wa Asembo haiishii uani. Nyamasaria yote ikaja. Waliotoka kanisani wakaja na vitabu vyao. Mzee Olang' akaja, kofia ameshika kifuani, akapiga magoti kando ya suti, akasema, "Fundi alikuwa mtu mzuri."

"Mzee," nikasema, "niko hapa."

Wakageuka wote. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, kwa sababu nilikuwa natafuta leso. Kwa hiyo walichoona kwanza ni nyuma yangu. Hapo Mama Rispa akanyoosha kidole na kuanza kusoma kile kilichoandikwa kwenye mfuko wa unga, silabi kwa silabi, kama mbele ya mwalimu wake:

"Hi-fa-dhi ma-ha-li pa-ka-vu."

Watu wakampigia makofi. Pasta mwenyewe alipiga makofi.

Akinyi akafika na samaki wake wakati huo huo. Akamtazama mama yake. Akatazama suti. Akanitazama mimi na kile kifaranga. Akanivalisha leso, akamshika mama mkono wakaingia ndani, na mimi nikavuta suruali kwenye kamba, mbichi hivyo hivyo, nikapanda baiskeli mpaka hapa Mamboleo.

Hapana, bado. Kabla sijatoka Akinyi alikuja langoni. Nikamuuliza, "Anarudi kwao?"

"Anakula."

"Amesema nini?"

"Amesema vifaranga amewahesabu, watatu wote wako, na kwa pembe ya jicho alimwona mikononi mwako yule mmoja uliyemwokoa. Amesema mtu anayeacha nguo yake kwenye miiba kwa sababu ya kuku hawezi kumtupa mtoto wa watu."

"Basi ameridhika?"

"Ameridhika. Kesho asubuhi anataka kuagana na wewe kwa heshima, kabla ya basi." Akinyi akatazama chini, mabega yanamtikisika. "Lakini ameomba uagane naye ukiwa pale pale uani. Uvae suti na kofia. Usigeuze kichwa. Na usiseme kitu."

Nimekubali. Kwa hiyo mkipita Nyamasaria kesho asubuhi mkaona sanamu imesimama kwa suti ya kahawia, msicheke. Isalimieni mpite. Itakuwa ni mimi.