Amina ya Watu Wote Kwenye Kituo cha Majani

Wasichana, fungeni huo mlango kwanza. Leo nimepatikana. Nimepatikana vibaya, mbele ya watu, asubuhi na mapema, hata chai sijakunywa! Na kabla hamjaambiwa na mtu mwingine (mtaambiwa tu, Boito yote itakuwa imesikia kufikia jioni), acheni niwaeleze mwenyewe.

Habari ya Kiplang'at mnaijua. Mwaka jana wote tulikuwa tunatembea pamoja kutoka kanisani, yeye akinibebea Biblia mpaka kwenye lango letu. Baada ya Krismasi akapata kazi ya kupasua mbao kule Londiani. Siku ya kuondoka akanishika mkono, akanitazama, nikasema moyoni, sasa yanakuja. Akasema neno moja: "Tutaongea."

Tutaongea! Hilo neno nimelibeba mpaka limenichubua bega. Mvua kubwa imeshaanza, na hakuna barua, hakuna simu ya posta, hakuna hata salamu kwa wale watu wanaoleta viazi kutoka huko. Shangazi ananiuliza nangoja nini. Baba haniulizi, lakini akiniona anakohoa. Na mimi nampenda yule mtu, sitawaficha. Basi nikasema hii kitu imenishinda, nampelekea Mungu. Jana nikafunga kula, nikajifungia chumbani kutwa nzima na Biblia.

Shida yangu ni mahali pa kuombea. Mimi kimya siwezi (nikiomba kimya nalala, mnanijua), na nyumbani nikiomba kwa sauti, mama anajibu kutoka jikoni. Ndiyo maana niko na siri yangu: kituo cha majani. Watu hupeleka chai yao kupimwa alasiri, kwa hivyo asubuhi hakuna mtu. Juu ni mabati, chini ni pakavu, na sauti inarudi vizuri mpaka unajiona mhubiri wa mkutano mkubwa. Huwa nasimama mbele ya mizani, naangalia ukuta, nafunga macho.

Kitu sikujua ni hiki. Jana lori la majani lilikwama kwenye matope huko chini. Karani wa kituo akawaambia watu warudi na majani yao nyumbani, wayatandaze sakafuni yasichemke yakaharibika, halafu wayarudishe alfajiri. Kila mtu alijua. Sisi tu ndio hatukuambiwa, kwa sababu chai yetu tumeikata msimu huu ichipuke upya, hatuna hata jani moja la kupima.

Basi nikaenda. Ukungu ulikuwa mzito, huoni hata mkono wako. Nikaweka Biblia juu ya mizani, nikafunga macho, nikaanza na sifa, polepole, kama mtu mwenye akili. Halafu moto ukashika.

"Baba, wewe unamjua Kiplang'at! Kiplang'at yule wa karibu na dipu ya kuogeshea ng'ombe!" (Kana kwamba Mungu angemchanganya na mwingine.) "Aliniambia tutaongea. Ni lini, Baba? Wenzangu wote wameolewa, mimi bado nashona vitambaa vya viti!"

Nyuma yangu nikasikia kama mtu amesema, "Mm." Nikajua ni Roho ananithibitishia. Nikaongeza sauti!

"Na mama yake, Bwana, mguse moyo! Ananitazama vile karani anatazama majani yaliyokomaa kabla ya kuyakataa!"

Mtu akakohoa. Ng'ombe, nikafikiri.

"Na kama si yeye, sema! Nionyeshe mwingine! Hata ukinipa Mwalimu Rono ninayefundisha naye nitampokea, Baba, ingawa unajua vile anakula akiwa amefungua mdomo!"

Hapo kilio kikanishika. Nililia kweli, wasichana, hii sehemu si ya kucheka. Nikamwambia Mungu kile sijawaambia hata ninyi. Nikasema, "Ninaogopa. Ninaogopa nilijidanganya mwaka mzima, na yeye alikuwa tu mtu mwenye adabu anayebebea watu Biblia. Nimechoka kumshikilia, Baba. Mchukue. Akirudi ni wako, asiporudi ni wako, na mimi pia ni wako. Usituache, hata kama ni kila mtu na njia yake. Katika jina la Yesu."

Nikavuta pumzi. Kifua kilikuwa chepesi, haki, sijasikia hivyo tangu Krismasi. Nikasema, "Amina."

"AMINA!"

Hiyo haikuwa amina ya Roho. Hiyo ilikuwa amina ya watu, na walikuwa wengi.

Nikafungua macho, nikageuka. Foleni! Foleni imetoka ndani ya kituo mpaka ikaingia kwenye ukungu. Watu na vikapu vyao mgongoni, watu na magunia, wanaume wamevua kofia, wanawake wameinamisha vichwa. Na mnajua watu wetu. Mtu akiwa anaomba hakuna wa kumkatiza, hata nyumba iwe inaungua. Walikuwa wamekuja mmoja mmoja, wakanikuta kwenye maombi, wakavua kofia, wakangoja. Majani yao yanachemka, wao wanangoja!

Aliyekuwa karibu nami zaidi ni Odhiambo, karani. Kofia ameishika kifuani na kalamu iko sikioni.

"Dada," akasema kwa upole, "umemaliza? Kwa sababu umesimama mbele ya mizani."

Nyuma yake, wa kwanza kwenye foleni, alikuwa Mwalimu Rono. Mdomo ameufunga kabisa. Sijawahi kuona mtu amefunga mdomo namna hiyo.

"Mwalimu Chepkoech," akaniambia, "hiyo amina, sehemu yangu sikuitikia."

Nikatamani sakafu ipasuke. Na nyuma ya Rono ni nani? Mama Kiplang'at, na kikapu chake mgongoni! Akaja karibu kabisa, akanikazia yale macho.

"Mtoto wangu," akasema, "mimi macho yangu ni mabaya. Watu wote nawatazama hivi. Hata huyu karani."

"Ni kweli," Odhiambo akasema. "Nimemwogopa tangu nihamie hapa."

Watu wakaachilia kicheko walichokuwa wamekishikilia tangu mambo ya vitambaa. Ningekimbia, lakini njia ya kutoka ilikuwa ni kupita katikati yao. Nikainama, nikapita. Mmoja anasema pole. Mwingine anasema Mungu amesikia. Mzee mmoja akanisalimia kwa mikono yote miwili kama mtu aliyefiwa.

Huko mwisho, kwenye ukungu, kulikuwa na mtu na gunia begani ambalo bado hajaliweka chini. Viatu ni matope mpaka magotini. Nikainua uso.

Kiplang'at!

Alikuwa amefika jana jioni kutoka Londiani, akashukia pale lori lilipokwama, akatembea mpaka kwao. Alfajiri mama yake akampa gunia.

"Umekuwa hapa tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu zile sifa za kwanza. Niliposikia jina langu, nikarudi mwisho."

Woi! Nikashika kichwa. Yeye akafungua mdomo, akaufunga, akahamisha gunia kwa bega lingine. Yule mtu maneno humtoka kwa shida hata siku nzuri. Mwishowe akasema, "Chepkoech... tutaongea."

Foleni nzima ikageuka. "LINI?"

Na aliyepiga kelele kuliko wote, nawaapia, alikuwa mama yake.

Gunia likaanguka. "Leo!" akasema. "Leo jioni. Nakuja kwenu, nizungumze na wewe, halafu nizungumze na baba yako."

Nilikimbia mpaka nikapoteza kiatu kimoja. Nilipofika kwetu ndipo nikakumbuka nimeacha Biblia juu ya mizani. Nikamtuma jirani aliyekuwa anarudi huko na kikapu cha pili aniletee. Akarudi mikono mitupu. Amesema Kiplang'at ameichukua na hataki kumpa mtu. Eti ataibeba mwenyewe.

Basi ndiyo nangoja. Mama amefagia uwanja, akafagia tena. Baba ameacha kukohoa, anapiga mluzi. Mimi sijui atasema nini huyo mtu. Baba anaweza kukataa, kazi ya Londiani inaweza kumweka mbali mwaka mwingine, na hayo maneno yenyewe yanaweza kumkwama njiani. Lakini ile hofu ya asubuhi nimeitafuta siioni. Nilishampa Mungu, na nimeona siwezi kumnyang'anya tena, maana mashahidi ni wengi mno.

Chebet, toa huo mkono mdomoni, nimekuona unacheka. Jua linashuka, wacha niende nikaoge. Mniombee, tafadhali. Lakini kimoyomoyo.