Mwanya na Mstari wa Mbele

Jumapili, 2 Machi

Waya umeng'oka! Upande mmoja. Naandika kwa mkono wa kulia huku kidole cha kushoto kikiwa mdomoni kuushikilia.

Ilivyokuwa: baada ya ibada nilinunua hindi la kuchoma pale nje ya geti la kanisa. Ndimu, pilipili, kila kitu. Daktari Rispa wa meno alinikataza kuguguna hindi. Alisema nipukuchue punje kwa vidole na kuzitafuna kwa magego. Nimetii miezi kumi na minne. Lakini leo hindi lilionekana laini. Nikaenda nyuma ya basi la kanisa, nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikaliuma. Kach! Halikuwa hindi lililolia.

Daftari hili ni jipya, halinijui. Phares Mulongo, miaka thelathini na minane, karani, mkazi wa Buruburu, Nairobi, mwimbaji wa tena, sauti ya juu ya wanaume. Nilikuwa na mwanya kati ya meno mawili ya mbele. Nikavaa vyuma miaka miwili, ukafungwa. Vyuma vilipotolewa, daktari akagandisha waya mwembamba nyuma ya meno, mahali pasipoonekana, uyashike yasirudi yalikotoka. Nilimuuliza utakaa hadi lini. Akasema hadi nitakapochoka kuwa na meno yaliyobanana. Nilidhani ni mzaha.

Sasa shida yenyewe. Tarehe 22 kwaya yetu inarekodi video. Mwalimu Mutie, anayetufundisha, hupanga mstari wa mbele kwa kutazama tabasamu, na hafichi. Miaka kumi na moja nilisimama mstari wa tatu, nyuma ya mabega ya Mzee Munene wa besi. Mwanya ulipofungwa nikaletwa mbele, katikati, na ubeti wa pili nikapewa niimbe peke yangu. Anayenifuata kwa sauti ni Lusweti. Lusweti anajua ubeti wangu wote. Anauhifadhi wa nini?

Kwenda kwa daktari haiwezekani. Tunasali naye, tena mwezi uliopita alikuwa ameketi kiti cha tatu nikitoa ushuhuda kwa vijana kuhusu nidhamu. Nilitumia mfano wa hindi.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: chingamu. Niliitafuna ikawa laini, nikaukandamiza waya nayo. Mazoezini ulishika vizuri hadi ile noti ya juu ya ubeti wangu. Chingamu ikaruka. Ikatua kwenye daftari la nyimbo la Mwalimu Mutie, ukurasa aliokuwa anausoma.

Bila chingamu, waya ulianza kupiga mluzi. Ubeti wangu una "siku", "safari" na "sifa" kwenye mstari mmoja. Mwalimu Mutie akasimamisha wimbo, akauliza nani anapiga mluzi nyumbani mwa Mungu. Lusweti alinitazama. Mimi nikageuka nikamtazama Mzee Munene. Maskini, Mzee Munene akaomba msamaha.

Ijumaa, 7 Machi

Uzi wa kushonea unapita kati ya meno mawili. Jumapili haukupita. Nimejaribu mara sita nikitumaini ni kosa la uzi.

Nilidhani meno yameshazoea. Miezi kumi na minne kukaa pamoja, hata majirani huzoeana. Kumbe yalikuwa yanangoja tu nafasi.

Jumatatu, 10 Machi

Akili! Nikipita pale madukani niliona kibanda cha Triza, msichana anayetengeneza kucha. Mteja alikuwa ameingiza vidole kwenye ile taa ya kukausha rangi, inayotoa mwanga wa zambarau. Nikasimama kabisa. Daktari Rispa alipogandisha waya alipaka kitu kama gundi, kisha akakimulika kwa taa ya buluu. Gundi, taa. Rangi ya kucha, taa. Kwa nini nisumbue daktari?

Jumanne, 11 Machi

Imefanyika. Triza alikataa mwanzoni. "Uncle, hii ni ya kucha. Story ya mdomo mimi sijui, usiniletee kesi." Nilimweleza kwa upole kwamba kucha ni ngumu na jino ni gumu, kwa hivyo tofauti ni mahali tu. Alinitazama kama mtu anayehesabu njia za kutokea. Lakini ni msichana mwenye huruma. Ile rangi isiyo na rangi ilikuwa imeisha, ikabaki yenye vimetameta. Nikasema ni nyuma ya meno, nani ataona.

Alipaka kwa brashi yake ndogo. Mimi nikapiga magoti, nikavuta mdomo kwa vidole viwili, nikaingiza uso kwenye taa. Sekunde sitini. Mdomo uliwaka moto. Katika sekunde ya arobaini hivi aliingia Lorraine, mke wa Lusweti, kutengenezwa kucha za miguu. Alinikuta nimepiga magoti, kichwa ndani ya taa, machozi yananitiririka. Akamuuliza Triza kwa sauti ya chini kama naombewa. Triza akajibu, "Eeh, ako na mambo mingi huyu."

Waya umeshika!

Alhamisi, 13 Machi

Umeshika kwa siku mbili kasoro chakula cha mchana. Githeri, mahindi na maharagwe. Nimemeza vimetameta. Ufizi umevimba na mdomo wa juu unabambuka.

Jioni Lusweti alinisubiri mlangoni pa kanisa. Nilijiandaa kwa kejeli. Badala yake alinishika mkono, akaniambia yeye na Lorraine wananiombea, wananitaja kwa jina, mzigo wowote nilio nao. Alimaanisha. Hicho ndicho kilichoniudhi zaidi. Mshindani anayekuombea utamfanyia nini?

Jumamosi, 15 Machi

Ukurasa wa kitabu cha nyimbo, uliokunjwa mara mbili, unapita.

Leo nimekaa na kioo muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mwanzoni nilikuwa napima. Kisha nikaacha kupima, nikawa natazama tu. Mama alikuwa na mwanya huu huu. Alipocheka uliuona kabla ya kusikia kicheko. Siku nilipomwonyesha vyuma vyangu alivitazama kwa makini, akaniambia, "Huo mwanya nilikupa mimi. Ulikukosea nini?" Nikacheka, nikamweleza habari za mstari wa mbele. Akasema sawa. Mama alikuwa akisema sawa kwa namna ambayo mazungumzo yaliisha lakini jambo halikuisha. Alifariki Agosti. Sikuwahi kumjibu lile swali.

Basi! Zimebaki siku saba. Nirudi kazini.

Jumanne, 18 Machi

Mpango wa tatu: kuyafunga meno mawili kwa uzi ili yabanane. Uzi mweupe ulikwisha, nikatumia mweusi. Katikati ya mazoezi Mwalimu Mutie akaniambia, mbele ya watu wote, kwamba nina kitu kwenye meno. Nikajifanya kukitoa. Fundo likakaza. Nikaendelea kuvuta. Sauti ya pili wote waliacha kuimba wakatazama.

Mwalimu amemwambia Lusweti ajiandae na ubeti wa pili, ikitokea. Ikitokea nini?

Alhamisi, 20 Machi

Dada yangu Nabiswa amefika kutoka Kimilili na mfuko wa njugu, kuja kuniona nikirekodi. Nilimpokea nikiwa nimeziba mdomo kwa leso. Nikasema ni mafua. Nabiswa ni kifungua mimba, alilea wadogo watano. Leso haimdanganyi. Aliivuta.

Nikangoja kelele. Aliketi bila hata kutoa mkoba begani. Kisha akaniambia nicheke. Nikasema sina cha kuchekea. "Cheka tu, Phares."

Nikacheka kile cha kulazimishwa. Machozi yakamtoka.

Alisema kati ya sisi sita ni mimi tu niliyepewa mwanya wa Mama. Siku ya mazishi, wakati watu wote wanatazama kaburi, yeye alikuwa ananitazama mimi, akitafuta, na akakuta nimeufunga. Hakuniambia. Alidhani hatauona tena duniani.

Nililia pia. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilidhani nafunga nafasi ndogo tu, ya kupitisha ukurasa uliokunjwa. Sikujua kuna mtu alikuwa anachungulia pale kumwona Mama.

Ijumaa, 21 Machi

Nabiswa amenipeleka kwa Daktari Rispa. Amenishika kiwiko njia nzima.

Daktari aliniuliza kama niliguguna hindi. Nikasema hapana. Akaingiza koleo lake, akatoa kitu, akakiweka kwenye karatasi nyeupe mbele yangu. Ganda la punje. Lilikuwa limejibana chini ya waya siku kumi na tisa. Akaendelea kusafisha koleo, na ningependa angetaja tu ule ushuhuda wangu yaishe. Kisha akauliza mbona jino langu linametameta. Nikasema sijui. Nabiswa akamwambia labda ni mambo ya Nairobi.

Alinipa njia mbili. Ayarudishe meno yabanane na agandishe waya mpya, au atoe huu uliovunjika niishi na mwanya. Nilimtazama Nabiswa. Alikuwa anatazama dirisha kwa nguvu, asinilazimishe. Nikasema autoe.

Hapo daktari akanionya. Meno yatasogea kidogo yenyewe, kisha yatatulia. Nisiyasaidie. Nisitie kitu katikati, nisifunge, nisipake. Alirudia mara tatu akinitazama machoni. Niliapa, na Nabiswa ni shahidi.

Nimetoka pale mwepesi sana. Ulimi wangu unapita nyuma ya meno na haukuti chochote.

Jumamosi, 22 Machi

Nilimweleza Mwalimu Mutie kila kitu kabla ya kurekodi. Hindi, chingamu, taa, yote. Nilimwomba Mzee Munene msamaha wa ule mluzi. Mwalimu aliutazama mwanya, akapiga hesabu, akaninyooshea kidole mstari wa tatu. Lusweti akaenda mbele, katikati, na ubeti wa pili.

Aliimba vizuri. Haya, nimeandika. Aliimba vizuri kuliko mimi.

Na mimi kule nyuma, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, niliimba bila kufikiria mdomo. Nabiswa alikuwa amesimama kando ya mpiga picha. Nilimwimbia yeye. Alicheka, nikacheka, Mzee Munene naye akacheka bila kujua kwa nini. Sitaki mstari wa mbele tena maishani. Nimejifunza. Naweka tarehe na sahihi: P. Mulongo.

Jumapili, 6 Aprili

Video imetoka! Na mambo ni haya: mpiga picha hakuweza kuniacha. Kila Lusweti akivuta pumzi, kamera inaruka kwangu kule nyuma. Ubeti wa tatu nimeonekana mara nne. Watu wanaandika chini ya video wakimwulizia yule wa mwanya. Mama mmoja wa mtaa wa Huruma ameandika kwamba mwanya ule umemkumbusha nyumbani. Nabiswa ameicheza hadi simu imezima, akaichaji, akaicheza tena.

Leo Mwalimu Mutie ameniita kando. Pasaka tunarekodi nyingine. Amesema watu wanataka kuona mwanya, na anafikiria kuniweka mbele. Anafikiria. Amesema kasoro ni moja: kwa mbali hauonekani vizuri, mpaka mtu asimamishe video.

Nimerudi nyumbani nikapima. Kona ya kadi ya simu ndiyo inayopita, basi. Mwalimu amesema kweli, ni mdogo. Mama hakuwahi kupima wake. Lakini Mama hakuwa na video ya Pasaka.

Nimejaribu kijiti cha kiberiti. Ukikichonga kidogo kinaingia pale katikati na kukaa. Najua daktari alisema nisitie kitu. Alikuwa anazungumzia vitu. Hiki ni kijiti. Tatizo ni kwamba kinachomoka nikiongea, kinahitaji cha kukishikilia.

Nimempigia Triza. Ameuliza safari hii tunafunga ama tunafungua. Nimemwambia tunafungua. Kesho saa nne, na amesema ile yenye vimetameta bado iko.