Sabuni Iliyoita Paka

Jumatatu, 7 Julai

Sabuni imepanda tena. Mwenye duka amefuta bei zote ubaoni, hakuandika nyingine. Anasema amechoka kufuta na kuandika, sasa anataja kwa mdomo, na mteja akitaka kuzimia kuna benchi nje. Nimekaa kwenye benchi.

Tena mche wenyewe umekonda! Bei juu, sabuni chini. Mafuta ya kula hivyohivyo, sukari hivyohivyo. Mama mkwe, tunayeishi naye, ameihamishia sukari chini ya kitanda chake. Chai tunatiliwa na yeye mwenyewe, kijiko kimesawazishwa kwa kidole.

Mimi ni dobi. Dobi asiye na sabuni ni mtu anayelowesha nguo za watu tu. Kinachotulisha hapa nyumbani ni mashuka ya nyumba ya wageni iliyo mwisho wa barabara. Nguo nyingine zote ni za kununulia chumvi. Mke wangu ndiye anayepiga pasi na kushika mkoba wa fedha, na ana shauri lake: twende kwa Bi Meneja wa pale, tumweleze kwa adabu kwamba vitu vimepanda, atuongezee kidogo. Nimemwambia kuomba nyongeza ni kazi ya wasio na akili. Bi Meneja akiudhika atampa mashuka Mashine! Huyo ni dobi wa mtaa wa pili. Anaitwa hivyo kwa sababu amenunua mashine ya kufulia, na hawezi kukusalimia bila kuitaja.

Mke wangu ameuliza wenye akili wanafanyaje. Nimesema atajionea. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu bado.

Jumanne, 8 Julai

Jibu limepatikana! Nimepita kwa mkaanga samaki, nimemkuta anamwaga mafuta yaliyochoka. Anamwaga mafuta, dunia hii! Nimemshika mkono. Sabuni ni nini? Ni mafuta na kostiki, ile dawa kali ya chengachenga wanayotumia watengeneza sabuni. Basi. Tumekubaliana: yeye ananipa mafuta, mimi namfulia aproni zake bure. Aproni sikuziangalia kwanza. Nimezikuta zinasimama zenyewe.

Mke wangu hakupinga. Amenisihi jambo moja tu, sabuni ikishakuwa tayari niijaribu kwanza kwenye shati langu. Shati langu! Nililonalo moja la kutokea!

Mama mkwe amesema rahisi huvunja upishi. Nimemjibu kwa heshima kwamba mimi sipiki, ninafua.

Jumatano, 9 Julai

Nimepika.

Ndoo zote zilikuwa na nguo, nikahitaji chombo kikubwa. Kuna sufuria ya mama mkwe, ile aliyopewa alipoolewa. Anaisugua kwa majivu mpaka unajiona meno. Yeye alikuwa amekwenda kupima macho. Nimeiazima.

Nimetia maji, nikatia kostiki. Sufuria ikaanza kuchemka bila moto! Nimefurahi sana, nikajiambia hata mkaa nimeuokoa. Halafu ikaanza kukohoa. Halafu ikatoa moshi, ikageuka nyeusi, ikatapika kwenye sakafu. Kumbe kostiki inakula alumini. Aliyeniuzia hakuniambia, au aliniambia wakati nampigia hesabu Mashine. Nimefunga pua, nikahamishia kwenye ndoo ya plastiki, nikamimina mafuta, nikakoroga na mpini wa fagio. Sufuria imebaki na tundu la kupita kidole gumba. Nimeipandisha darini.

Lakini sabuni imetoka! Rangi ya udongo, laini kidogo, ila ni sabuni. Muuza kostiki alisema iachwe wiki kadhaa ikomae. Wiki kadhaa! Kwa bei hizi, wiki kadhaa ni zama nyingine. Nimeipa usiku mmoja.

Mama mkwe ameulizia sufuria yake. Nimesema wezi wa siku hizi hawachagui. Huo ni ukweli, sikusema wamechukua nini.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefua mashuka yote ya nyumba ya wageni kwa sabuni yangu. Shati sikulijaribu, hakukuwa na nafasi.

Povu la wastani. Weupe ni wa kiutu uzima. Harufu ipo, siwezi kusema haipo. Mke wangu amenusa shuka moja, akaniangalia, akanusa tena. Nimemwambia jua litaondoa. Alipoingia ndani nimesuuza na marashi yake, chupa nzima. Sasa yalinuka samaki anayekwenda harusini.

Nimeanika. Akaja paka wa jirani, akakaa chini ya kamba. Akaja mwingine mwenye sikio moja. Baadaye nikaacha kuwahesabu. Hawakufanya fujo, walikaa wametulia na kuyatazama mashuka kama wanasubiri kuitwa. Nimewafukuza kwa ndara. Wamerudi na ndugu zao. Mashine amepita, akaniuliza kwa upole kama nimeanza kufuga, akasema mashine yake haijawahi kuita mnyama. Sikumjibu. Mtu mzima hajibizani na kila mpita njia. Ndara ilimkosa kidogo tu.

Jioni mke wangu amepiga pasi. Moto wa pasi umeiamsha harufu yote, nyumba nzima ikanuka jiko. Binti yetu mdogo ametoka chumbani mbio, amekwishanawa mikono, akakaa kwenye mkeka akingoja samaki. Kwetu samaki hawajaonekana tangu bei zipande. Mama yake amemwambia ni mashuka tu. Hakulia, aliuliza kama kesho pia yatakuwa mashuka.

Hapo niliumia. Nimeandika ili nisisahau, ingawa ningependa kusahau.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepeleka mashuka mapema, kabla jua halijawa kali. Mhudumu ameyapokea huku ana mafua. Bahati njema!

Mchana kutwa kimya. Nimepiga hesabu ya sabuni nitakayookoa mwaka mzima. Nimeanza kufikiria kununua mashine yangu, kubwa kuliko ya yule.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeitwa na Bi Meneja. Nimevaa shati.

Ameniketisha, jambo ambalo si dalili nzuri. Akaeleza. Mgeni wa chumba cha juu aligonga mlango wake alfajiri akitaka kujua nani anakaanga samaki chini ya kitanda. Mgeni mwingine, mfanyabiashara mzito, aliamka na paka wawili kifuani na wa tatu anaingia dirishani. Wa chumba cha chini ameota upele mgongoni. Wote wamehama na kudai fedha zao. Bi Meneja hakupaza sauti. Laiti angepaza! Alisema tu kwamba mashuka ameshampa Mashine.

Kisha akaniongezea kubwa kuliko. Alikuwa amejiandaa kutuongezea malipo tangu mwezi uliopita, maana naye anakwenda dukani na bei anaziona. Alikuwa akingoja tuseme. Mashine alisema leo asubuhi alipoitwa, akaongezewa papo hapo.

Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu. Nimemweleza mke wangu yote. Hakugomba. Alikaa kwenye ngazi na pasi baridi mapajani, akauliza watoto watakula nini. Sikuwa na jibu, na safari hii sikujifanya ninalo.

Wakati huohuo paka mwenye sikio moja alikuwa juu ya paa akifukuzana na wenzake. Dari ni mbovu. Sufuria imeanguka sebuleni, mbele ya mama mkwe. Ameiinua, akachungulia kwenye lile tundu, akaniona upande wa pili.

Jumapili, 13 Julai

Mke wangu ameamka kabla yetu. Amenunua mche wa sabuni halali kwa fedha aliyokuwa akiiweka ya viatu vya mtoto. Amekwenda peke yake nyumba ya wageni, akaomba yaleyale mashuka, akayafua palepale uani kwao mpaka yakanuka shuka. Amesema kosa ni letu. Letu! Hakunitaja mimi. Bi Meneja amemrudishia nusu ya mashuka, kwa bei mpya. Nusu nyingine ni ya Mashine. Sharti ni moja: mimi nibebe maji tu, sabuni nisiiguse.

Mkaanga samaki naye amekuja na sufuria ya kumpa pole mama mkwe. Mama ameipokea, akaniangalia, akaiweka kando ya sukari.

Nimemshukuru mke wangu kwa dhati. Nimemwahidi kwamba ujanja nimeachana nao, kuanzia leo nitakuwa mtu wa njia iliyonyooka. Amesema vizuri, lakini hakuacha kukunja nguo.

Nimekwenda dukani kumnunulia chumvi. Mwenye duka analia na panya. Wanamtoboa magunia ya mchele, na kwa bei ya mchele siku hizi, kila panya ni tajiri kuliko mimi. Paka hapati, amesema. Angepata paka hata kwa kuwalipa angewalipa.

Nimerudi nimesahau chumvi.

Sabuni imebaki ndoo nzima! Kipande kimoja kila kona ya duka, mlango wazi, paka watakuja wenyewe na sikio moja mbele. Maduka mangapi yapo mtaani? Na kila duka lina panya! Nimemdokezea mama mkwe juujuu. Amesema panya wenyewe hula sabuni. Wivu tu, bado ana uchungu wa sufuria.

Ndoo moja haitatosha maduka yote. Sufuria mpya ni kubwa kuliko ile ya kwanza, na kesho mama mkwe anarudi kupima macho.